Karen Dalton na Albamu ya Nyimbo za Watu Wengine

Mwaka 1971 Just Sunshine, kampuni changa ya santuri iliyokuwa chini ya Michael Lang, mmoja wa waandaaji wa tamasha la Woodstock, ilitoa albamu ya mwimbaji wa Marekani Karen Dalton iitwayo In My Own Time. Ilikuwa na nyimbo kumi, na hakuna hata mmoja uliotungwa na mwimbaji mwenyewe. Albamu yake ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1969, ilikuwa vivyo hivyo. Zote mbili hazikuuzika, hakutoa nyingine, na alipofariki mwaka 1993 waliolijua jina lake walikuwa wachache. Tangu ile ya 1971 ilipotolewa upya mwaka 2006 amepata wasikilizaji wengi kuliko aliowahi kuwapata akiwa hai, na pamoja nao ukaja ubishi: je, mtu ambaye albamu zake zote ni za kukopi anastahili kuitwa msanii kamili, au alikuwa tu mwimbaji hodari wa kazi za wenzake?

Wanaosita kumpa hadhi hiyo hawakosi hoja. Dalton, aliyelelewa Oklahoma, alifika New York mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati vilabu vya mtaa wa Greenwich Village bado vilimthamini mwimbaji kwa wingi wa nyimbo za kale alizozijua. Muongo ulipokwisha, kipimo kilikuwa kimebadilika, na mwenye gitaa alitarajiwa kuimba aliyoyatunga mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1971 Joni Mitchell na Carole King walitoa albamu zilizojaa tungo zao, na wasikilizaji wakazipokea kana kwamba wanasomewa barua. Kando ya hizo, albamu yenye wimbo uliokwisha kuvumishwa na Percy Sledge na mwingine uliokwisha kuvumishwa na Marvin Gaye ingeweza kuonekana kuwa ni ya mtu asiye na la kusema.

Kwetu neno kopi linakumbusha bendi za hotelini, ambazo hulipwa ili wimbo usikike kama ulivyo kwenye rekodi, kiasi kwamba mgeni akifumba macho asijue tofauti. Alichofanya Dalton ni kinyume kabisa. Sauti yake ni nyembamba, ina mkwaruzo, na haina haraka. Huliacha pigo lipite kwanza, kisha ndipo alitamke neno, hivyo kwamba msikilizaji anayeujua wimbo hubaki akisubiri mahali ambapo hakuwahi kusubiri. Katika Katie Cruel, wimbo wa kale wa Kimarekani usiojulikana mtunzi, anapiga banjo mwenyewe, fidla ikimfuata kwa mbali, na simulizi ya mwanamke aliyewahi kupokelewa kwa shangwe kisha akatupwa inakuwa kama ushahidi unaotolewa mbele ya hakimu. Nani aliyeutunga wimbo huo ni swali ambalo, ukiusikiliza, halikujii hata kidogo.

Mwimbaji na mtunzi Bob Dylan, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2004, alimtaja kuwa mwimbaji aliyempenda kuliko wote katika klabu alimoanzia, akaifananisha sauti yake na ya Billie Holiday, mwimbaji wa jazz, na upigaji wake wa gitaa na wa Jimmy Reed, mwanamuziki wa blues. Sifa hiyo imemfaa sana, ila nayo inamweka pale pale wanapomweka wanaombeza, yaani kama mwangwi wa watu wengine. Inasemekana mwenyewe hakupenda kufananishwa na Holiday, na sioni ajabu.

Hata hivyo siwezi kuitetea albamu nzima. Ile ya 1969 ilirekodiwa kwa muda mfupi, na inasimuliwa kwamba mtayarishaji Nick Venet alilazimika kumbembeleza aimbe kama anayejiimbia tu. Hii ya pili ilitengenezwa kwa miezi kadhaa katika studio ya Bearsville, chini ya Harvey Brooks, mpiga besi aliyewahi kurekodi na Dylan, na bendi kamili ikaletwa. Katika wimbo wa Marvin Gaye bendi inachangamka kwa namna isiyomhusu mwimbaji. Yeye anakokota, wao wanakimbia, na hakuna anayemngoja mwenzake. Hapo nakubaliana na wakosoaji kwamba jambo limeharibika, ila sikubaliani nao juu ya chanzo. Wimbo kuwa wa mtu mwingine si tatizo. Tatizo ni kwamba mwendo wake pia ni wa mtu mwingine, ilhali mwendo ndio uliokuwa utunzi wa Dalton.

Utunzi wa namna hiyo, kwa bahati mbaya, hauna mrabaha. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilimruhusu yeyote kurekodi wimbo uliokwisha kutolewa kwenye santuri, mradi mwenye haki za wimbo alipwe senti 2 kwa kila nakala. Na redio za kawaida nchini humo, mpaka leo, humlipa mtunzi bila kuwa na wajibu wa kumlipa mwimbaji wa rekodi inayopigwa. Rafiki yake Fred Neil, ambaye wimbo wake ndio unaofungua albamu ya 1969, aliweza kujitenga na jukwaa na bado akapata kipato, kwa kuwa Harry Nilsson aliuvumisha wimbo wake mwingine. Dalton hakuwa na mlango huo.

Kinachofanya kesi hii isiwe nyepesi ni kwamba aliandika. Mashairi yake yalibaki kwa rafiki yake, mpiga gitaa Peter Walker, na mwaka 2015 waimbaji wanawake kadhaa waliyatungia muziki na kuyatoa kama albamu. Wapo wanaoichukulia kuwa uthibitisho kwamba alikuwa mtunzi aliyenyimwa nafasi. Yawezekana, lakini yawezekana pia kwamba alikuwa na maneno yake na bado akachagua kuimba ya wengine. Nimeisikiliza albamu hiyo mara kadhaa. Mashairi ni yake na waimbaji ni wazuri, lakini kila neno linaangukia kwenye pigo lake.