Nani kasema Tanga hatuna sanaa ya ukutani?

Yani kila nikiposti picha za kuta za Bristol huku Uingereza lazima waje wagosi wawili watatu na "sie kwetu kuta za matangazo tu", haya leo tuongee manake naona mnajidharau bure.

Kwanza huku. Zunguka mitaa ya Stokes Croft na Bedminster siku nzima utaona mambo ni yale yale, sura ya mtu imejaa ukuta wa ghorofa, wanyama, vijembe kwa serikali na polisi, na yale maherufi yaliyovimba ambayo hata wenyeji wenyewe hawayasomi. Afu kuna stensili, unakata umbo kwenye karatasi gumu unaliweka ukutani unapuliza rangi ya kopo unasepa, ndo mtindo uliompa jina mchoraji Banksy, mtoto wa hapa hapa Bristol. Kuna yake moja ya 2006 pale Park Street, mwanaume uchi ananing'inia dirishani kwa mkono mmoja na juu yake mwenye mke anachungulia kumtafuta, na ukuta wenyewe unatazamana na ofisi za halmashauri ya jiji! Wakaulizwa wananchi ifutwe au ibaki, wakasema ibaki. Hapo wapewe maua yao.

Sasa njoo Ngamiani kwetu Tanga, pita hizo barabara zetu za namba. Kinyozi: kichwa kimechorwa ubavu, panki au kiduku, mstari wa ndevu umenyooka balaa, pembeni mashine ya kunyolea na waya wake unaoishia hewani haujachomekwa popote. Mama lishe: samaki mzima kwenye sahani, jicho limekutolea. Nyuma ya bajaji kumeandikwa "hasidi hana sababu". Kuna saluni moja naikumbuka fundi kapiga mstari kwa kamba ya chaki vizuri kabisa, kaanza na SALUNI YA KI kwa mbwembwe herufi kama milango, kufika UME ukuta umeisha, kazibana pale pembeni mpaka E imepanda juu ya M. Mie naipenda ile kuliko nusu ya vinavyopigwa picha huku. Mkono wa mtu unauona.

Tofauti ni nani kanunua rangi, basi. Kinyozi kalipa, atachorewa kichwa, hamuwezi kutegemea fundi amseme mkuu wa mkoa kwa hela ya kinyozi. Kampuni ya simu ikipaka nyumba nzima rangi zake mwenye nyumba anashukuru kapata rangi ya bure, na nani atamlaumu. Huku nako tusidanganyane, tamasha la michoro ya ukutani kama Upfest lililoanza 2008, kuta zinatolewa na wenye maduka, mchoraji anajua kabisa yuko ukuta wa nani.

Kinachoniuma ni haya mabango ya kuprinti. Kinyozi anavuta picha ya Mmarekani kwenye intaneti, inatoka kwenye turubai, miezi michache jua la Tanga limeifuta na fundi wa brashi kakosa kazi. Kama kuna mwenye hela ya rangi huko na anatafuta cha kuchora, timu yetu ya mpira Coastal Union ya 1988 ilichukua ubingwa wa bara, ukuta karibu na uwanja wa Mkwakwani wapangwe wote kumi na moja, na fundi awe wa hapo hapo Ngamiani, herufi zikibanana mwishoni sawa tu.