Shikamoo kutoka juu ya tela

Niseme mapema: hesabu zangu zilikuwa sahihi. Bodi ya tela langu la samadi ni mita 2 kwa mita 1.2, kina sentimita 40, yaani karibu mita moja ya ujazo. Mchanga uliolowa ungekaribia tani 2, kwa hiyo mchanga nikaukataa palepale. Samadi mbichi kilo 800 na ushee, hiyo ndiyo saizi yetu. Hesabu hizo nilizipiga nyuma ya kadi ya mchango wa harusi, na kadi ninayo mpaka leo kwa ajili ya wabishi. Kilichonipeleka hewani ni kitu kingine.

Nina shamba la eka tatu huko Mkuranga, la mchicha, bamia na mipapai michache inayozaa ikijisikia. Mimi ni mkulima wa Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine nalima kwa simu. Samadi tunaichukua kwa jirani mwenye ng'ombe, mita mia tatu kutoka kwangu, kwa toroli. Toroli lenye gurudumu moja kwenye mchanga wa Mkuranga ni adhabu. Unasukuma, linazama. Unavuta, linakufuata kwa hasira.

Sasa, nilikuwa na pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono. Nilinunua mkononi kwa mkulima wa mpunga Dakawa, moja ya zile zilizomiminika nchini enzi za kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, baada ya 2009. Kulima ilishakata tamaa, lakini kuvuta inavuta. Nikajiambia, nikipata tela la kubinua, lile la kumwaga lenyewe kama tipa, nimemaliza kazi. Nikauliza bei ya la dukani lenye haidroliki. Muuzaji aliponitajia nilimwomba arudie, nikidhani amenisomea namba ya simu.

Basi nikaamua tuunde. Ekseli ya pikapu iliyokwisha kufa, chaneli na engo za skrepa, na kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikapata winchi ya mkono pamoja na kapi na waya. Bodi inabanwa nyuma kwa bawaba mbili nene. Mbele ya tela kuna kiti cha dereva, na nyuma yake tu unasimama mlingoti wa chuma, kapi juu, winchi chini. Ukizungusha mkono wa winchi, waya unavuta bodi upande wa mbele, inanyanyuka, mzigo unateleza nyuma. Mlango wa nyuma unaning'inia kwa juu na unafungwa kwa pini moja. Kwenye pini nikafunga kamba ndefu inayokuja mpaka kwenye kiti.

Umeona hapo? Kila kitu kinafanyika nimekaa. Kuvuta pini nimekaa, kuzungusha winchi nimekaa. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba huu ndio uhandisi. Akaniambia huo ni uvivu uliochomelewa.

Fundi alikuwa mzuri, simsemi vibaya. Tatizo lake moja, haongei. Ukimuuliza jambo anaitikia kwa greinda. Wiki mbili akamaliza, akapaka rangi ya bluu, akachukua hela yake akaondoka na pikipiki. Pini ya kuunganishia tela na pawatila ilikuwa haijapatikana, nikaweka msumari wa inchi sita kwa muda. Nimetumia neno "kwa muda" maishani mwangu mara nyingi na halijawahi kunifikisha pazuri.

Jumapili ya uzinduzi mke wangu alimwita baba yake aje aone mashine ya mkwewe. Baba mkwe ni nahodha mstaafu. Alisafirisha nazi na mbao kwa mashua kutoka Kisiju miaka mingi sana, na bado akikaa kibarazani anaangalia upepo. Alikuwa njiani kwa bodaboda. Mimi nikaona nisimsubiri, nipakie na kumwaga mara moja kwa majaribio, akifika anikute mzoefu.

Tukapakia, mimi na shemeji yangu. Ilikuwa masika, samadi imelowa chapachapa, inang'aa. Pawatila ikavuta bila kulalamika mpaka kwenye matuta ya mchicha. Nikasimama, nikavuta klachi, gia nikaiacha ilipo, injini ikiunguruma. Nikavuta kamba, pini nikaiona kwa macho yangu ikichomoka. Nikaanza kuzungusha winchi.

Bodi ikanyanyuka taratibu, nzuri, kama mlango wa benki. Shemeji amekaa nyuma ya tela na simu anarekodi. Nikazungusha. Bodi imefika nusu ya safari, samadi haijatikisika. Nikazungusha tena. Ndipo nikasikia "gubu!" Kilo mia nane zimeteleza kwa mpigo mmoja mpaka kwenye mlango wa nyuma, na mlango haukufunguka.

Msumari wa inchi sita ulipinda kama tambi. Mkono wa tela ukaruka, kiti kikaruka, na mimi juu yake nimekumbatia mlingoti. Sehemu ya nyuma ikaketi chini kwenye tope. Nilipofumbua macho nilikuwa juu kuliko mipapai yangu. Ni kweli mipapai bado midogo, lakini juu ni juu.

Pawatila nayo, ilipoachiwa, mikono yake ikaanguka chini ikagonga ardhi, na mshindo huo ukairudisha klachi. Ikaondoka. Peke yake, polepole, inaburuza mikono nyuma kama mlevi anayeburuza koti, ikaelekea kwenye mihogo ya jirani. Shemeji akaikimbilia. Nilichoweza kufanya ni kuipigia kelele, kana kwamba ina masikio.

Ni katika hali hiyo bodaboda ikaingia uani. Baba mkwe akashuka, kanzu nyeupe, kofia, bakora. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mkwe hasalimiwi kwa kuchelewa, nikafanya linalopaswa.

"Shikamoo, baba."

Akainua uso. "Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri tu, baba. Karibu."

"Nimeshakaribia. Wewe ndiye uko mbali."

Nikataka kuruka. Akanyoosha bakora. "Usiruke! Chini yako kuna chuma." Kisha akazunguka tela taratibu, anagonga tairi, anachungulia ekseli, anapima kwa shubiri. "Shehena yote imekwenda tezi," akasema, "omo lazima inyanyuke. Na hiyo ekseli umeiweka katikati mno, huna uzito mbele. Sasa hivi farumi ni wewe."

Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na farumi ni yale mawe wanayopakia chomboni kisiwe chepesi kikapinduka. Nimeitwa majina mengi ukweni, lakini hilo lilikuwa la kwanza lenye faida.

Simu ilikuwa mfukoni, nikampigia fundi kutoka huko huko juu. Kwa mara ya kwanza akaongea sentensi nzima. "Aa, bosi, ule mlango niliushikiza na moto sehemu mbili, usicheze wakati napaka rangi. Nilisahau kuukata. Piga nyundo tu, unaachia."

Pini yote, kamba yote, uhandisi wote, na mlango umechomelewa.

Baba mkwe akachukua uongozi. Migomba miwili iliyokwisha kuzaa ikakatwa, mashina yake yakapangwa chini ya mkono wa tela, ili nikishuka nisishuke na uti wa mgongo mkononi. Kijana wa bodaboda akapewa nyundo asimame pembeni. Shemeji, aliyekwisha kuizima pawatila ilipokwama kwenye mwembe, akarudi na simu yake akasimama nyuma kabisa ya tela. Tulimwambia asogee. Akasema kutoka pembeni picha haitoki vizuri.

Nyundo ya kwanza, kimya. Ya pili, upande mmoja ukaachia. Ya tatu sikuisikia, kwa sababu wakati huohuo mlango ulifunguka, samadi yote ikatoka, na mimi nikashuka juu ya migomba kwa kishindo kilichonikumbusha kila goti nililowahi kuumia. Video bado ipo. Sekunde za mwisho ni mlango unafunguka, halafu rangi ya kahawia, halafu sauti ya shemeji akimtaja mama yake. Ilimfika magotini. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini, na alipotaka kusema kitu akashindwa, akaanza upya.

Baba mkwe alikuwa ameng'ata kofia yake. Kanzu haikupata hata tone. Alishapima upepo akasimama upande unaofaa.

Ekseli tumeisogeza nyuma sentimita 25, pini sasa ni pini ya kweli yenye klipu, mkono wa tela unafungwa mnyororo, na winchi naizungusha nikiwa nimesimama ardhini. Linamwaga vizuri sana. Jirani nilimlipa mihogo yake kwa samadi, safari kumi na nne, na kwa kuwa wakati huo tela lilikuwa kwa fundi, zote nilizisukuma kwa toroli.

Kila Jumapili asubuhi baba mkwe ananipigia. Nikipokea haulizi mke wala watoto kwanza. Anasubiri nimpe shikamoo, anaitikia, kisha ananyamaza kidogo.

"Uko chini?"

"Niko chini, baba."

"Haya. Nipe binti yangu."