Mwanafunzi Akisema Amelemewa, Tusimwite Legelege

"Kizazi hiki ni legelege." Ndivyo wengi wanavyosema mwanafunzi wa chuo anapotaja msongo wa mawazo, na hoja yao ina mashiko. Shinikizo la kiasi humfanya mtu afungue daftari. Tena si kila huzuni ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu: anayelia kwa kufeli somo moja ana uchungu, na uchungu hupoa.

Hapo nakubali. Ninapokwama ni kwenye hesabu. Utafiti uliofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwahoji karibu wanafunzi 14,000 wa vyuo vikuu 19 katika nchi 8. Asilimia 31 walionyesha dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili ndani ya miezi 12 iliyotangulia: sonona, wasiwasi uliopitiliza, ulevi na mengineyo. Na wote walikuwa wa mwaka wa kwanza! Ndio kwanza wamefungua mabegi. Maana yake wengi hawakuugulia chuoni. Walifika na mzigo kichwani, wakatwishwa na mwingine. Kwenye ukumbi wa watu 100 hao ni kama 30, na mhadhiri anachokiona ni kazi iliyochelewa tu.

Namfikiria mmoja wao. Saa nane za usiku bado ameukodolea macho ukurasa aliouanza saa nne. Mama akipiga simu, "Salama, mama." Rafiki akiuliza, "Niko poa." Kukaza moyo ndiyo kazi anayoifanya tangu asubuhi, nasi tunamwambia akaze moyo.

Ustahimilivu wenyewe hutoka wapi? Mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Kati ya waliokulia kwenye dhiki nzito, karibu theluthi moja walitengemaa, na wengi wao walikuwa na angalau mtu mmoja aliyewajali kwa dhati, awe bibi, mwalimu au jirani. Basi wanaoudai ustahimilivu hawajakosea kuudai; wamesahau tu kwamba mtu huupata kwa watu.

Ningeanza na jambo dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza awe na mhadhiri mmoja anayemjua kwa jina, mwenye wajibu wa kumpigia simu akikosekana darasani wiki mbili mfululizo. Na simu hiyo isiwe ya kumkaripia.