Pikapu ya nyumbani ichaguliwe nyumbani

Sisi tulioondoka Uganda tuna tabia moja inayonisumbua: tukituma pesa, tunataka na kauli ya mwisho iwe yetu. Nyumba ya kijijini tunaichora huku, ng'ombe tunamchagua kwa picha ya simu, na sasa zamu imefika kwenye pikapu. Naandika nikiwa Waltham, jimbo la Massachusetts, mji wenye watu wengi wa kwetu. Shemeji yangu, mume wa dada, ananunua kahawa kwenye milima ya Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa Kyarumba na Kisinga, na gari lake limechoka. Ndugu tulioko nje tumekubali kuchangia. Ugomvi ulianza pale kila mchangiaji alipoleta gari lake la ndotoni. Mmoja anataka Tacoma, pikapu ya Toyota inayouzwa Marekani, kwa sababu anaiona kila asubuhi anapokwenda kazini. Mwingine anataka Ford Ranger ya juu kabisa kwa sababu inamletea mtu heshima. Mimi nasema wazi: mwenye pesa asichague. Achague yule atakayeiendesha, na fundi wake awe pembeni.

Nafanya kazi na watu wa kuezeka mapaa, kwa hiyo pikapu naishi nazo. Marekani gari la ukubwa wa Hilux linahesabiwa kuwa la kati tu, kwa sababu juu yake kuna majitu kama F-150 na Silverado. Katika hizo za kati utakuta Tacoma, Nissan Frontier, Chevrolet Colorado, Ford Ranger, Honda Ridgeline na Jeep Gladiator. Ni magari mazuri, sitaki kumdanganya mtu. Yana nguvu, yana utulivu barabarani, na mgongo hauumi ukishuka. Lakini angalia maisha yake. Yanalala kwenye maegesho ya lami, yanatembea kwenye lami, na mengi humbeba mtu mmoja tu kwenda ofisini. Jumamosi yatabeba baiskeli au mbao chache kutoka dukani. Tacoma mpya inaanzia zaidi kidogo ya dola 30,000, na ile ya juu kabisa inapita 60,000. Wengi hulipa kwa mkopo wa miaka mingi. Ikisumbua, inapelekwa gereji, inaunganishwa na kompyuta, na mwenyewe anasubiri kupigiwa simu.

Sasa ipeleke Kasese kwa mawazo. Kwanza, usukani uko kushoto. Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Aliyepita barabara ya Mbarara kwenda Kampala anajua foleni za malori ya mafuta na ya matoke. Dereva aliyekaa kushoto, akitaka kulipita lori, hana budi kulitoa gari nusu nzima kwenye njia ya wanaokuja ndipo aone mbele. Mimi sitamchangia shemeji pesa za kufanya hivyo kila wiki.

Pili, mafuta. Kwa sasa pikapu mpya za kati zinazouzwa Marekani zote ni za petroli. Colorado ya dizeli iliishia toleo la 2022, na Gladiator ya dizeli ikafuata 2023. Injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 3.8 kama ya Frontier huku haimshtui mtu, maana mafuta ni nafuu ukilinganisha na mshahara. Nyumbani lita ikiwa karibu shilingi 5,000, galoni moja ya Marekani, ambayo ni lita 3.8, inafika kama shilingi 19,000. Hiyo ni zaidi ya dola 5, na analipa mtu ambaye faida yake inatoka kwenye kilo ya kahawa. Pikapu inayopanda mlima na mzigo kwa gia ndogo inataka dizeli: nguvu inayokuja mapema, injini ikiwa bado haijapiga kelele.

Watu wa nyumbani huniuliza mbona Marekani kubwa namna hii haina Hilux. Jibu lake linaanzia kwenye kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikiwemo, ziliongeza ushuru kwenye kuku wa Marekani waliokuwa wakiuzwa kwao kwa bei ya chini. Rais Lyndon Johnson akalipiza. Kuanzia 1964 Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwenye bidhaa kadhaa, na mojawapo ilikuwa malori madogo kutoka nje. Bidhaa nyingine ziliondolewa kwenye ushuru ule baadaye, lakini pikapu zimebaki nao mpaka leo. Kampuni za Japani zikaona ni heri kuunda pikapu Amerika Kaskazini kwenyewe. Mwaka 1995 Toyota ikaitoa Hilux kwenye soko la Marekani na kuleta Tacoma, iliyotengenezwa kwa ajili ya mteja wa huku. Siku hizi inaundwa Mexico. Kwa hiyo ndugu yangu anaposema Tacoma ni Hilux yenye jina jingine, anakosea. Zimetoka ukoo mmoja, lakini zimelelewa nyumba mbili tofauti, na vipuri vingi haviingiliani. Ukiipeleka Tacoma kule, kila taa na kila bamba la mlango utaliagiza ng'ambo.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloelezea bei za bondi za Kampala, yaani yadi za kuuzia magari yaliyoagizwa nje. Japani kwenyewe Hilux iliacha kuuzwa 2004, ikarudi 2017. Miaka yote hiyo Wajapani walinunua magari ya familia, ndiyo maana Premio na Noah zimejaa kwetu lakini pikapu safi ya Japani ni ya kutafuta. Nyingi za umri wa kati zinazofika kwetu zimetoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, nchi ambazo nazo zinaendesha kushoto. Ukiongeza sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15, utaelewa kwa nini Hilux yenye kilomita nyingi bado inauzwa kama dhahabu.

Hapo kwenye zile za Uingereza niseme kwa kirefu, maana hili nalijua kwa mikono yangu. Nchi za baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hurukia chini ya gari, ikajificha ndani ya chesisi, ikaila kutoka ndani. Massachusetts ni hivyohivyo. Kazini kwetu nimewahi kulala chini ya pikapu ambayo juu inang'aa, nikagonga chesisi kwa nyundo ndogo karibu na pale springi za nyuma zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kifuu, na ukigonga tena kinamenyeka vipande kama maganda. Hata Toyota haikuponea: 2016 ilikubali kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Basi shemeji akiletewa pikapu kutoka Uingereza, rangi nyeusi mbichi chini ya gari isimfurahishe. Aingie na nyundo. Agonge urefu wote, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Muuzaji akikataa, waondoke.

Sasa nyumbani, gari hili litafanya nini? Dada yangu alinieleza wiki moja ya kawaida, na hiyo wiki ina majibu kuliko tangazo lolote. Jumatatu, magunia ya kahawa kutoka juu Kyarumba, barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Katikati ya wiki, saruji na mabati kutoka Kasese mjini. Usiku mmoja, mama wa jirani aliyeshikwa na uchungu, wakampeleka hospitali ya Kagando. Ijumaa, kwenda Bwera na mpakani Mpondwe kuonana na wafanyabiashara wa Kongo, kule ambako Kiswahili ndicho kinachouza. Jumamosi, msiba, na watu wamejaa nyuma na viti vya kukodi. Pikapu moja inabeba kijiji kizima. Huku Waltham jirani yangu akiugua anapiga simu, gari la wagonjwa linakuja. Kule gari la wagonjwa ni shemeji.

Kwa hiyo swali la kebini ndilo kubwa kuliko la kampuni, na hapo mimi na dada hatukubaliani. Mimi napenda singo kebini, yenye safu moja ya viti. Sanduku lake la nyuma ni refu, mzigo unakaa katikati ya ekseli na haulemei mkia, na bei inashuka. Dabo kebini, yenye safu mbili, inakula nafasi ya magunia ili watu wanne wakae kwa raha. Dada akanijibu, "Wewe unahesabu magunia. Mimi nahesabu watoto wanaokaa nyuma wakinyeshewa, na mgonjwa ninayemlaza juu ya turubai." Nilinyamaza kwa muda. Hoja yake ina uzito, na yeye ndiye aliyekaa nyuma akimshika yule mama mkono hadi Kagando. Bado naona singo kebini ingelipa haraka zaidi. Lakini kura yangu kwenye hili nimeitoa kwake.

Kuhusu springi sina mjadala. Kwa mzigo wa kwetu, nyuma pawe na mabamba ya chuma yaliyopangana, yale ambayo fundi wa Kasese anaweza kuyafungua, akaongeza bamba moja, akayakaza kabla ya chakula cha mchana. Tacoma mpya, matoleo yake mengi, yamehamia kwenye koili, springi za kujizungusha, nyuma ili gari litulie barabarani. Ni raha kweli kwenye lami. Kwenye njia ya Ihandiro na magunia mgongoni, hapana.

Fundi ndiye moyo wa jambo zima. Nchini kwetu gari zuri ni lile ambalo kipuri chake kinapatikana soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kikapandishwa basi jioni, na asubuhi kiko Kasese. Hilux inashinda hapo. Zile za injini ya dizeli ya lita 2.5 au 3.0, na baadaye lita 2.4 na 2.8, mafundi wanazijua hata gizani. Isuzu D-Max naiweka bega kwa bega, na kwa mtu wa mzigo huenda nikaitanguliza: injini yake ni ngumu, inaunganishwa Nairobi, na vipuri vyake haviko mbali. L200 ya Mitsubishi inakata kona vizuri milimani na bei yake ni nafuu ikiwa imetumika. Ranger ni nzuri kuiendesha, ila ina umeme mwingi, na sensa ikifa Kisinga utangoja mwenye kompyuta. Ikiwa gari lina kichujio cha moshi kwenye ekzosi, liulizwe mara mbili, maana kichujio kile kinataka dizeli safi na safari ndefu za kasi ili kijisafishe. Safari za shemeji ni fupi, za gia ya kwanza na ya pili.

Vipo vitu vya huku ambavyo natamani vingevuka bahari kabla ya gari lolote. Massachusetts kila gari hukaguliwa kila mwaka, breki, taa na vyuma vya usukani, na likishindwa linarekebishwa ndipo litembee. Kuna sheria inayomlinda aliyenunua gari bovu kwa muuzaji, hata likiwa limetumika. Na kwa namba ya chesisi unaweza kusoma historia ya gari: liligongwa wapi, lilizama kwenye mafuriko au la, kilomita zilikuwa ngapi mwaka ule. Nyumbani mnunuzi anasimama peke yake mbele ya muuzaji, na kilomita zilizorudishwa nyuma anazigundua kwenye kanyagio lililolika mpira na kiti kilichobonyea. Hapa ndipo sisi wa nje tunaweza kusaidia kweli. Tukae usiku tukitafuta historia ya namba ile. Tulipie fundi wa kuaminika alale Kampala siku mbili azungukie bondi, hata kama hatanunua kitu. Tuweke kando pesa za tairi nne mpya, mafuta ya injini, vichujio na bima, maana pikapu inayofika kijijini mfuko ukiwa mtupu huanza kufa mwezi wa kwanza.

Mchango wetu umefikia kiasi cha kuanzia. Shemeji na fundi wake watapanda basi wiki ijayo kwenda Kampala, na dada anakwenda nao, kwa sababu ya ile hoja ya kebini. Nimewaomba vitu vitatu tu: picha ya namba ya chesisi, picha ya chini ya gari kabla halijaoshwa, na video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Wakiridhika wao watatu, jina lolote litakalokuwa limeandikwa mbele ya gari, mimi natuma.