Amoksisilini kwenye nimonia: kasoro ni dozi

Mgonjwa wa nimonia akiandikiwa amoksisilini, ndugu zake huona amepuuzwa. Wanataka sindano ya seftriaksoni, au azithromaisini ya siku tatu.

Hofu hiyo ina msingi. Amoksisilini huvunja ukuta wa bakteria, na maikoplazma, bakteria mwingine wa nimonia, hana ukuta, kwa hiyo haimgusi kabisa. Hapo ni azithromaisini au doksisaiklini. Na kwa mgonjwa anayetapika, aliyechanganyikiwa au ambaye oksijeni imeshuka, sindano haina mjadala.

Lakini adui mkubwa wa mapafu ni bakteria aitwaye nyumokokasi, na usugu wake kwa amoksisilini ni wa aina yake. Hatoi kimeng'enya cha kuharibu dawa. Anabadilisha protini ambazo dawa hujishika, mshiko ukalegea. Ukiongeza dozi, dawa hushika tena. (Ndiyo maana asidi ya klavulaniki, inayochanganywa na amoksisilini kuzuia kimeng'enya hicho, haiongezi chochote dhidi yake, ila kuharisha.) Mtu mzima asiye na maradhi mengine anahitaji gramu 1 mara tatu kwa siku: kapsuli mbili za miligramu 500 kila baada ya saa nane. Akipewa moja ya miligramu 250, dawa ndiyo hulaumiwa. Mtoto ni miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Wa kilo 12 anameza kila mara vidonge viwili vya miligramu 250, si kimoja. Saa nazo zina uzito, maana dawa hii hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa moja hivi. Dozi ya mchana ikirukwa, bakteria wanapumua.

Azithromaisini huchukua karibu saa 68 kupungua kwa nusu. Mabaki yake hukaa siku nyingi yakiwa machache mno kuua, lakini yakitosha kuwapalilia bakteria sugu. Mwongozo wa Marekani wa tiba ya nimonia wa 2019 unairuhusu peke yake pale tu usugu wa nyumokokasi dhidi ya jamii ya dawa hiyo ulipo chini ya asilimia 25.

Utafiti wa Uholanzi wa 2015 ulifuatilia wagonjwa 2,283 wa nimonia katika wodi za kawaida. Waliokufa ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 9.0 kwa waliopewa dawa za jamii ya penisilini au ya seftriaksoni bila nyongeza, na 11.1 walipoongezewa za jamii ya azithromaisini. Pengo hilo halithibitishi madhara. Ila faida iliyotarajiwa iko wapi?

Homa isiposhuka baada ya siku tatu, uliza kwanza: kapsuli ngapi, za miligramu ngapi, saa ngapi? Kisha tafuta usaha kando ya pafu na kifua kikuu. Levofloksasini, antibiotiki nyingine inayogusa pia kifua kikuu, ikianzishwa kabla ya kupima makohozi, kifua kikuu hutulia kwa muda na kukupita.