Dirisha la Serikali Limehamia Steshenari

Jumatatu asubuhi, ukipita Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, utakuta steshenari zimejaa watu ambao hawakufuata kopi. Wamefuata serikali. Mmoja anahuisha leseni ya biashara, mwingine anamwombea mtoto cheti cha kuzaliwa, wa tatu anatafuta namba ya malipo, ile ambayo sote tunaiita kontroo namba. Nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye kiduka cha vyakula Makorora, aliyefuata leseni. Simu yake ni kitochi. Kijana wa kaunta alimwamkia shikamoo, akamwomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, akaiandika kwenye kaunta buku, na chini yake akaandika nywila aliyomtungia yeye mwenyewe. Haikupita nusu saa kontroo namba ikatoka. Mama akailipia palepale kwa kitochi chake, akampa kijana shilingi 3,000 za kazi yake, akaondoka akimwombea dua.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ushahidi kwamba serikali mtandao imetushinda, na wapo wanaoona mambo ni mazuri mno. Mimi naona pande zote mbili zinatazama nusu ya kaunta.

Wanaosifu wana sababu, tena nzito. Mji wetu unajulikana kwa "waja leo, waondoka leo", lakini maofisini wimbo ulikuwa njoo kesho. Unafika, mhusika katoka. Unarudi, fomu zimekwisha. Siku ukifanikiwa unalipa fedha mkononi na kupewa risiti iliyochanwa kwenye kitabu, usijue kitabu ni cha halmashauri au cha mtu. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilipoanzisha mfumo wa malipo ya serikali, GePG, kila deni likapata namba yake ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na fedha ikawa inakwenda kwenye akaunti ya serikali bila kupita mfukoni mwa mtu. Anayedharau hatua hiyo atazame pale ambapo fedha bado inapita mkononi: ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimetaja mara kwa mara makusanyo ya halmashauri yaliyopokelewa kwa mashine za POS, zile za mkononi zinazotoa risiti, na hayakufikishwa benki. Mashine ilikuwapo na risiti ilitoka, ila fedha ikapotelea njiani.

Sifa hizo zimefika mbali. Katika kipimo cha Benki ya Dunia cha mwaka 2022 kuhusu teknolojia serikalini, Tanzania ilishika nafasi ya 26 kati ya nchi 198, na ya pili Afrika. Ni heshima, na wataalamu wetu wameitolea jasho tangu Wakala ya Serikali Mtandao ilipoanza mwaka 2012, ikaja kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Ila tujue kinachopimwa. Kipimo kile huuliza kama mfumo upo, kama sheria ipo, kama taasisi ipo, na sehemu kubwa ya majibu hujazwa na maofisa wa serikali zenyewe. Hakimfikii mama wa Makorora kumuuliza ni nani aliyemjazia fomu.

Hapo ndipo utafiti unapotusaidia. Mwaka 2003 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba miradi ya serikali mtandao katika nchi zinazoendelea iliyofaulu ni asilimia 15 tu. Asilimia 50 ilifeli kwa sehemu, na asilimia 35 ilianguka kabisa. Takwimu hizo zimezeeka na mengi yamebadilika, lakini sababu aliyoitaja ingali hai: umbali kati ya maisha aliyoyawaza mbunifu wa mfumo na maisha anayoishi mtumiaji.

Rudi sasa pale kaunta, kwa sababu umbali huo ulionekana ndani ya shughuli moja. Kulipa, mama alilipa mwenyewe, kwa kitochi, bila kumwomba mtu msaada. Malipo ya serikali yalipandishwa juu ya kitu alichokuwa anakijua tayari: kutuma pesa kwa simu. Kilichomshinda ni kuomba. Maombi yanataka barua pepe, nywila, na nyaraka zilizoskaniwa na kupakiwa. Barua pepe yake ilitungwa na kijana, na yeye hataifungua kamwe. Mwaka ujao mfumo ukimwambia abadilishe nywila, ujumbe utakwenda kwenye sanduku asiloweza kulifungua, naye atarudi kaunta ileile. Kwa hiyo anayesema Watanzania hawajawa tayari kwa dijitali amekosea. Tuko tayari miaka mingi, kwa simu tulizonazo. Nusu ya mfumo ilijengwa kwa kutufuata tulipo, na nusu nyingine ikatuita tuifuate.

Watafiti wawili wa Marekani, Pamela Herd na Donald Moynihan, huugawa mzigo wa kuomba huduma ya serikali katika mafungu matatu: kujifunza utaratibu, kuutimiza, na ule wasiwasi wa moyoni. Njoo kesho imepungua, nakubali. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya karani kwa mshahara sasa anaifanya mwananchi kwa fedha yake, au anamlipa kijana aifanye. Na mtandao ukisumbua, hakuna hata mtu wa kumlalamikia.

Linalonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni ile kaunta buku. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Aliye na kitabu kile ana namba, tarehe na nywila za nusu ya mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ni sheria tuliyoihitaji. Ila macho ya wengi yapo kwenye benki na kampuni za simu. Kijana yule si mwizi. Nimemwona akimkatalia mtu aliyetaka kutumia namba ya shemeji yake. Lakini daftari huibwa, huuzwa, hufungiwa maandazi.

Wengine wanataka steshenari zizuiwe, wakiziita vishoka, yaani madalali wasio rasmi. Mimi nasema tuzizuie leo uone wazee wangapi watapata leseni wiki hii. Suluhisho lipo mtaani tayari. Wakala wa fedha za simu amesajiliwa, ana namba yake ya uwakala, na anakuhudumia bila kuijua namba yako ya siri. Kwa nini kijana wa steshenari asipewe akaunti yake ya uwakala katika mifumo ya serikali, amhudumie mama kwa jina lake yeye kijana, mama athibitishe kwa ujumbe kwenye kitochi, na bei ibandikwe ukutani? Bangladesh ilianza mwaka 2010 kuweka vijana wajasiriamali ndani ya ofisi za halmashauri za vijijini, wakitoa huduma hizi kwa malipo. Hapo hapo mifumo isomane kweli: kama NIDA wanamjua na TRA, watu wa kodi, wanamjua, mfumo wa leseni haupaswi kumtaka aandike upya mambo ambayo serikali inayo.

Kuna pingamizi siwezi kulikwepa. Kumsajili kijana ni kuhalalisha malipo ya pili kwa huduma ya umma, na shilingi 3,000 kwa muuza genge wa Mabawa ni faida ya siku. Ndiyo maana ningetaka meza ya bure ibaki ofisi ya kata, walau siku mbili kwa wiki, na karani anayejua kujaza fomu hizi akae hapo kwa saa zilizotangazwa. Najua atakayesema karani huyo ndiye atakayeirudisha njoo kesho. Huenda. Lakini steshenari ikiwa hatua chache kutoka hapo na bei yake ikiwa ukutani, mama atakuwa na pa kwenda kati ya pawili, jambo ambalo Jumatatu ile hakuwa nalo.