Koffee si mhubiri

Akitajwa Koffee, mwanamuziki wa reggae wa Jamaika, sifa ni ileile: binti wa nyimbo safi, hatukani. Ni kweli, lakini sifa hiyo inanikera kidogo, maana inamfanya aonekane kama mwanakwaya aliyepotea njia akajikuta kwenye dancehall, muziki wa kuchezeka wa Jamaika uliozaliwa na reggae. (Kwaya aliimba kweli, kanisani kwa Wasabato.)

Mikayla Simpson, ndilo jina lake, alizaliwa mwaka 2000 Spanish Town, mji ulio magharibi mwa Kingston ambao magenge na risasi vimeuchafulia jina kwa miaka mingi. Sikiliza wimbo wake Raggamuffin. Anasema bunduki, anasema serikali iliyowatupa vijana, ila maneno anayamimina mfululizo juu ya besi nzito hivi kwamba kichwa kinaanza kutikisika kabla hujashtuka kuwa unaambiwa jambo zito. Wengi wanaojiita wanareggae wa ujumbe hukwama hapo hapo: wanahutubia kwanza, muziki utajijua.

Hata Toast ya mwaka 2018, ambayo watu huifungulia kwenye sherehe, mimi naisikia tofauti. Ni wimbo wa shukrani. Kijana wa Spanish Town anaposhukuru hadharani kwa alichojaliwa, tena bila kumtambia mtu bunduki, kwangu hiyo ni siasa tosha.

Januari 2020 akabeba Grammy ya albamu bora ya reggae kwa Rapture, kazi yenye nyimbo 5 tu. Alikuwa na miaka 19, mshindi mdogo kuliko wote wa tuzo hiyo na msanii wa kike wa kwanza kuitwaa peke yake. Aliowapita ni pamoja na Steel Pulse na Third World, bendi zilizokuwepo tangu miaka ya sabini. Ningekuwa mzee wa reggae ningenuna walau siku mbili.

Nisichokubali ni kumgeuza fimbo ya kuwachapia akina Spice na Shenseea, wanadada wa dancehall wanaoimba mambo ya chumbani waziwazi, eti "tazameni mwenzenu". Dancehall ina nafasi ya wote, na yeye mwenyewe hajaapa kuimba shida za mtaa hadi kaburini. Albamu yake Gifted ya mwaka 2022 ina mapenzi na starehe, na wimbo Pull Up, alioufanya na prodyuza JAE5 wa London, ni raha tupu yenye ladha ya afrobeats. Wanaouita huo usaliti wamuache. Akiwa na miaka 22, mlitaka aimbe mazishi tu?